Uzoefu wangu na fiziotherapia ya nyumbani kwa mgonjwa wa Parkinson, hapa Mombasa

Mgonjwa ni mimi; Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Mtetemeko wa mkono nimeshauzoea. Kinachoniumiza ni miguu kuganda. Natoka ukumbini kuingia chumbani, nikifika kizingitini nyayo zinanasa kama zimetiwa gundi, na kiwiliwili kinazidi kwenda mbele. Hapo ndipo mtu huanguka.

Hospitalini nilifanyishwa mazoezi kwenye chumba kipana, hakuna mkeka wala mlango mwembamba. Kule natembea vizuri, nikirudi nyumbani Majengo naganda vilevile. Mwanangu akaniitia mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, anayehudumia wagonjwa majumbani.

Binti yule hakunilaza kuninyoosha viungo. Aliniambia niende msalani kama kawaida, yeye nyuma yangu. Nilipoganda akasema, "Mzee, usiulazimishe mguu. Simama wima kwanza. Haya, egemea kulia, egemea kushoto, sasa piga hatua moja kubwa." Nikavuka. Kisha akatoa tepu ya manjano, akabandika mistari ya kukingama sakafuni, huku na huku ya kizingiti, kila mmoja umbali wa hatua. Alinieleza kwamba ubongo uliopungukiwa na dopamini, kemikali inayousaidia kuongoza mwendo, hushindwa kuuendesha mwendo ule tuliozoea kuufanya bila kufikiri, lakini jicho likiona mstari wa kuruka, mguu hupata pa kuanzia. Na kugeuka pia alinifundisha: nizunguke kwa duara pana, nisijipinde papo hapo. Miaka yote ya ugonjwa huu hakuna aliyewahi kunionyesha hayo.

Akauliza na dawa nameza saa ngapi. Nikamwambia, pamoja na mahamri na mbaazi za asubuhi. Akasema mbaazi zina protini nyingi, na protini hushindana na levodopa, dawa hiyo ninayomeza, kuingia mwilini. Akasema nisibadilishe kitu kabla ya kumuuliza daktari. Daktari akaniruhusu nimeze nusu saa kabla ya kula. Alhamdulillahi, asubuhi zangu zimekuwa nyepesi, na mbaazi bado nakula.

Kasoro ipo. Bei si ya kila mtu, na nauli ya tuktuk ni juu ya mgonjwa. Tena kuna siku nilipanga kidonge kiendane na saa yake, nikavaa, nikangoja. Hakuja wala hakupiga simu. Kwetu sisi hilo ni zito, kwa sababu saa ya nguvu ya dawa ikipita, mpaka kidonge kingine. Mwanangu aliwalalamikia, na tangu hapo wanapiga simu mapema.

Ugonjwa wenyewe unaendelea, na sauti yangu inazidi kufifia. Lakini msalani naenda mwenyewe, na kwangu pesa ile imefanya kazi. Ukiwaita watu wa huduma hii, uliza kwanza kama wameshahudumia wagonjwa wa Parkinson. Na ziara ya mwanzo waambie waje saa dawa inapokaribia kuisha nguvu, mtu awepo wa kukushika, wakuone unavyoganda kwa macho yao.