Memori kadi ipi ununue kabla ya kwenda kupiga video ya sherehe

Ukiitwa Newala kupiga video ya kumtoa mwali na kadi ikajaa katikati ya ngoma, hutapata nafasi ya kukimbilia dukani Mtwara mjini. Piga hesabu kabla hujapanda gari. Fungua menyu ya kamera, kwenye nyingi utaona namba kama 50M au 100M. Hizo ni megabiti kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti, kisha zidisha kwa 3,600, sekunde za saa moja, na ugawe kwa 1,000 upate GB. 100M inakula GB 45 kwa saa, 50M inakula GB 22.5. Simu nyingi kwa 1080p ya kawaida hula kama GB 8 tu.

Namba moja kwangu ni kadi mbili za GB 128 zenye alama ya V30. Kila moja inabeba saa tano na nusu za 50M, au saa mbili na dakika 45 hivi za 100M. V30 maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kurekodi, na 100M inahitaji 12.5 tu. Muuzaji akianza kukusifia V90, mshukuru, lipia ulichofuata. Na ukiichomeka kwenye kompyuta ikasoma 119 badala ya 128, usirudi kugombana naye: Windows inahesabu kwa 1,024, kiwanda kwa 1,000.

Mbili, kwa sababu kadi hufa. Moja ikienda, angalau nusu ya sherehe unayo.

Anayeanza na 50M achukue GB 64 mbili, kila moja saa mbili na nusu bila wasiwasi. GB 256 naiweka ya tatu, maana ikifa inaondoka na sherehe yote, ila kama kamera yako ina matundu mawili na inarekodi kote kwa pamoja, ipandishe juu. GB 32 ibaki ya picha za mnato. Kwa 100M inajaa kwa dakika 40 na kitu.

Ya mwisho kabisa ni ile ya GB 512 ya bei ya kutupa. Niliinunua msimu mmoja wa korosho, harusi zimefuatana, nikaenda nayo Mikindani. Usiku nafungua faili: jina lipo, ukubwa upo, bibi harusi anaingia ukumbini, halafu giza hadi mwisho. Ndani ilikuwa kadi ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Mama wa bibi harusi aliniuliza swali moja tu, "Mwanangu, na kukata keki je?" Pesa yake nilirudisha.

Siku hizi kila kadi mpya naijaribu kwa programu ya H2testw, ya bure, kwenye Windows. Inaijaza kadi yote kisha inasoma tena ilichoandika. GB 128 huchukua muda, kwa hiyo naiwasha jioni nikaenda kula.