Fiziotherapia ya nyumbani baada ya kiharusi: miezi minane ya kuitumia, na pesa ilikokwenda

Mimi ni fundi cherehani, natumia mkono wa kulia, na kiharusi kilinipiga upande huo huo wa kulia. Nasema hivi mapema ili mjue kipimo changu. Mwingine akipata kutembea anaridhika. Mimi nilikuwa nataka kushika mkasi.

Kilinikuta nakata kitambaa. Mkasi ulidondoka, nikainama kuuokota, mkono haukunifuata. Nikamwita mwanangu, sauti ikatoka ya mlevi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuangalia saa, na hadi leo sijui nani alimfundisha. Kule hospitali kila aliyekuja aliuliza hilo kwanza: imeanza saa ngapi? Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Tena lazima upigwe kwanza picha ya CT, maana kama mshipa umepasuka na unavuja, dawa hiyo hiyo inaweza kukumaliza. Mimi niliwahi.

Nililazwa siku 11. Bima ililipa kitanda, picha na dawa, ukiacha ile sehemu ya kuchangia, ambayo ukiisoma kwenye mkataba ni asilimia ndogo na ukiikuta kwenye bili ni mtaji wa mtu. Siku ya kutoka tukapewa karatasi ya kusaini, ina mstari mmoja mnene umeandikwa "vifaa na huduma nyingine". Binti yangu akaniambia, "Mama, usisaini kwanza." Akaomba mchanganuo. Zikaja kurasa nne, na ndani yake siku moja ya kitanda imeandikwa mara mbili, pamoja na kipimo ambacho sikufanyiwa. Wakavifuta pale pale bila ubishi. Hilo liliniudhi kuliko kama wangebisha.

Nyumbani ndiko nilikogundua bima yangu inaishia wapi. Fiziotherapia ya nje ya hospitali walinipa ziara 10 kwa mwaka, na kila moja iombewe kibali. Hatua kubwa baada ya kiharusi huonekana zaidi miezi mitatu ya mwanzo, kisha mwendo unapungua ingawa haukomi. Mgonjwa anayetakiwa kufanya mazoezi kila siku anapewa ziara 10! Zangu ziliisha kabla ya mwezi.

Ndipo tukaingia mkataba na watu wa fiziotherapia ya nyumbani. Walikuwa na vifurushi vitatu, tukachukua cha kati: ziara tatu kwa wiki.

Kijana aliyeletwa siku ya kwanza karibu nimrudishe. Nusu saa nzima hakunigusa. Aliwakalisha mume wangu na watoto, akawaonyesha jinsi ya kunigeuza kitandani na kuniinua. "Msimvute mama kwa mkono huu, wala msimwinue kwa kwapa." Bega la mkono uliopooza linashikiliwa na misuli, na misuli ikilegea, kila anayekuvuta anauchomoa mfupa kidogo kutoka kwenye tundu lake. Tangu hospitali nilikuwa navutwa hivyo hivyo na watu wenye nia njema kabisa. Maumivu ya bega niliyodhani ni ya kiharusi, sehemu kubwa yalikuwa ya kunyanyuliwa. Ile nusu saa nailipia tena hata kesho.

Baadaye zikaja kazi za mezani. Anatandika taulo juu ya meza, anauweka mkono wangu mbovu juu yake, ananiambia nilisukume mbele na kulirudisha kama mtu anayefuta meza. Mara 20, pumzika, mara 20 tena. Wiki ya kwanza taulo lilisogea upana wa vidole viwili, na jasho linanitoka kama nimebeba gunia. Nilimwambia hii ni kazi ya mtoto. Akajibu kwamba ubongo unajifunza upya kwa kurudia, na kwamba anachohesabu yeye ni mara nilizojaribu, si umbali taulo lilipofika.

Kioo nacho nilikiona uganga. Unakisimamisha katikati ya meza, mkono mbovu unafichwa nyuma yake, mzima unakaa mbele. Unafumba na kufumbua mkono mzima huku macho yako kwenye kioo, na unachokiona pale ni mkono wako mbovu unafanya kazi. Mbinu hii V. S. Ramachandran aliianzisha miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mkono lakini bado wanasikia maumivu kwenye mkono usiokuwepo, ndipo ikaja kujaribiwa kwa wenye kiharusi. Siku ya tisa kidole gumba changu cha kulia kilicheza nyuma ya kioo. Sikukiona mimi, alikiona mume wangu, na kwa kelele alizopiga, jirani alikuja kuuliza kuna nini.

Mwezi wa nne, vidole vilipoanza kufunguka, tukaingia kwenye zoezi la glavu. Mkono mzima unavalishwa glavu nene ili usiweze kufanya kitu, kazi zote uzifanye na ule mbovu, saa kadhaa kwa siku. Msingi wake ni kazi ya mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani. Si ya kila mtu, lazima mkono uwe na mwendo kidogo tayari. Mimi nilikuwa nadanganya. Mume wangu akitoka tu navua glavu, nikisikia mlango naivaa. Alinikamata siku aliponikuta nimefunga kitufe cha blauzi. Alijua fika mkono wa kulia haujafika huko.

Sasa malalamiko, maana yapo.

Mara mbili walimbadilisha mtaalamu bila kuniambia. Mgeni anafika, hajasoma faili, anaanza kunipima upya na saa yangu inaisha. Ripoti ya mwezi, ile inayopelekwa bima kuombea ziara za ziada, waliichelewesha hadi muda wa kuwasilisha madai ukapita, na ziara zile nikazilipa mimi. Waliomba radhi. Pesa haikurudi.

Halafu kuna ile mashine ya kutetemesha misuli. Mmoja wa wale wageni alinishawishi kwamba itaharakisha, nami nilikuwa kwenye hali ya kununua chochote. Inatetemesha kweli, na unajisikia vizuri ukiwa umekaa. Lakini umekaa! Nilipomuuliza yule kijana wa mwanzo, akanitupia swali: "Ikiwa inafanya kazi, wewe mama unakuwa unafanya nini?" Imo kwenye boksi lake, anayeihitaji aje aichukue.

Upande wa pesa, kosa letu kubwa lilikuwa mkopo wa haraka wa kwenye simu. Ulilipa ziara za mwezi mmoja, ukatukamua mitatu. Kwa miaka mingi Umoja wa Mataifa ulikuwa ukihesabu matibabu kuwa mzigo mkubwa kwa kaya yakizidi asilimia 10 ya matumizi yake yote. Binti alipiga hesabu ya mwezi ule kwenye daftari, akalifunga bila kutusomea.

Kilichotuokoa ni kwenda kuomba. Deni la hospitali tuliligawa kwa miezi baada ya kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ile ile, ofisi ambayo hakuna aliyetuambia ipo. Dawa ya presha nilikuwa nanunua ya jina la kampuni. Daktari alipoandika amlodipini tu, mfamasia akanipa ya bei ya chini sana yenye kiambato kile kile. Dawa hii sithubutu kuiruka, kwani presha ndiyo inayoongoza katika kuleta kiharusi, na aliyepata kimoja yumo hatarini kupata kingine. Na ziara tulizipunguza kutoka tatu kwa wiki hadi moja, kwa sharti kwamba mume wangu afundishwe kusimamia siku zilizobaki na ajirekodi kwenye simu ili wamsahihishe. Kampuni haikulipenda wazo hilo. Yule kijana alilipenda.

Huduma hii ningeipa nyota tano kama si jambo moja ambalo halimo kwenye kifurushi chochote chao. Mwezi wa tano nililala siku sita nikiangalia ukuta. Sikuwa naumwa mahali, sikutaka tu kuamka, nikimsikia anabisha hodi najifanya nimesinzia. Waliandika kwenye fomu "mgonjwa hana ushirikiano". Kumbe takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia kwenye sonona, na inatibika. Hili niliambiwa na daktari wa kliniki, baada ya binti yangu kunipeleka karibu kwa nguvu. Hawa wanaokuja mlangoni mara tatu kwa wiki wakinishika mkono, hakuna aliyewahi kuuliza nalalaje au nalia saa ngapi. Nyota mbili nimezitoa hapo. Ya mashine nimesamehe.

Nimebaki na ziara moja kwa mwezi, na mkataba ukiisha nitauendeleza hivyo hivyo, mradi aje kijana yule yule. Nimeliandika kwa mkono wangu pembeni ya fomu, herufi zinapanda na kushuka kama za darasa la kwanza. Mkasi mdogo naushika. Mkubwa wa kukatia kitambaa bado unanishinda baada ya kukata mara nne au tano, kidole gumba kinajikunja chenyewe. Kutunga uzi kwenye sindano anafanya mjukuu wangu, anayenidai kwa kila sindano na ana daftari lake.