Maktaba Shamela kwa mwanafunzi wa Sharia: uzoefu wangu

Tasnifu yangu ilihusu takhriji (kutafuta hadithi imepokewa katika vitabu gani) ya hadithi za biashara, na programu niliyoitegemea kuliko zote ni al-Maktaba al-Shamela, maktaba ya kompyuta ya vitabu vya Kiislamu. Ni ya bure. Ukishaipakua pamoja na vitabu vyake, ambavyo ni maelfu, haikudai bando tena. Sisi bwenini tulipeana kwa flashi. Kwa chuo chenye nakala moja tu ya Fat-h al-Bari, sherehe ya Sahih al-Bukhari, hii ni neema kubwa.

Zamani takhriji ilianzia kwenye al-Mu'jam al-Mufahras, faharasa ya vitabu 9 vya hadithi iliyoanza kuchapishwa Leiden mwaka 1936. Unashika neno, unalirudisha kwenye mzizi, ndipo unajua ufungue kitabu gani. Shamela inapekua vitabu vyote ulivyovichagua kwa mara moja. Usiiandikie sentensi nzima, maana mapokezi ya hadithi moja hutofautiana maneno. Nilipoandika "bay' al-gharar" (biashara isiyo na uhakika) peke yake, hadithi ya Sahaba Abu Huraira ilinijia katika vitabu vya Muslim, Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo.

Ninalolisisitiza kwa wenzangu: kabla ya kunukuu, fungua kadi ya kitabu. Hapo utaona mhakiki (aliyesahihisha matini), mchapishaji, toleo, na kama kurasa zinalingana na kitabu kilichochapwa. Mfano ni Musnad ya Imam Ahmad, mkusanyiko wa hadithi uliopangwa kwa majina ya Masahaba. Toleo la kale la Cairo lina juzuu 6, la wachapishaji Muassasat al-Risala lina 50. Hadithi za Abu Huraira ziko juzuu ya 2 katika lile la kale. Katika la Risala zinaanzia juzuu ya 12. Ukiandika "Ahmad, juzuu ya 2" bila kutaja toleo, msimamizi ataifungua ile ya Risala na kukuta hadithi za Ali. Tena, matini ya Shamela yamechapwa upya na mikono ya watu, kwa hiyo kila nukuu niliilinganisha na picha za kurasa za kitabu chenyewe.

Inaniuma kwamba haya hatukufundishwa darasani. Somo la kompyuta lilikuwa barua na majedwali. Shamela tulionyeshwa na kaka zetu wa mwaka wa tatu. Ingefaa iingie kwenye mbinu za utafiti tangu mwaka wa kwanza, pamoja na usomaji wa hiyo kadi.

Programu yenyewe ni Kiarabu mwanzo hadi mwisho, basi ambaye nahau na sarfu yake (kanuni za sentensi na za maneno ya Kiarabu) bado changa aketi kwanza na ustadhi wake. Asiye na kompyuta anaweza kusoma vitabu hivyo kwa simu kupitia tovuti yao.