Darasa la kuigiza la Jumamosi, Area C: nawapa nyota nne

Jamani kama uko Dodoma na unapenda kuigiza ila ukisimama mbele za watu magoti yanagongana, nendeni hapa. Mwalimu hana zile hotuba za jiamini jiamini, anakupa kazi ya kufanya. Mfano unaambiwa panga vikombe mezani huku darasa zima linakukodolea macho, halafu urudie ukiwa kama mtu anayemsubiri mkwe wake aingie muda wowote, yaani hapo ndo unashtuka mikono imeacha kutetemeka maana akili yote iko kwenye vikombe, haiko kwako tena. Anasema ni mambo ya Stanislavski, yule Mrusi aliyewafundisha waigizaji kuishi ndani ya kaduara kadogo ka vitu vilivyo karibu yao na kuwasahau watazamaji. Kuna na ya kupumua, unatoa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta na mapigo ya moyo yanatulia kweli, sio stori.

Wenzangu wengi ni watumishi wa serikali wa kule Mtumba kwenye ofisi za wizara, wanaoogopa kuongea vikaoni, kwa hiyo usijione mshamba.

Nyota moja nimeikata kwa sababu wanakurekodi na simu siku ya kwanza kabisa alafu mnaangalia wote, kwa mtu mwenye aibu hiyo ni adhabu, wangesubiri hata wiki mbili tatu. Na ukumbi ni bati tupu, mchana unaungua, upepo ukianza vumbi lote ndani. Elfu kumi kwa kipindi, beba maji yako.