Bango la Elementi Lenye Rangi Tatu: Zuri kwa Bei Yake, Lakini Alumini Imeonewa

Bango la jedwali la elementi ninalolizungumzia hapa linauzwa shilingi 8,000 katika duka moja la vifaa vya shule mjini Mtwara, na lina sifa isiyopatikana kwenye mabango mengi ya aina yake: elementi zote 118 zimeandikwa majina ya Kiswahili chini ya alama zake, zikiwemo zile nne za mwisho kupewa majina, yaliyoidhinishwa mwaka 2016. Metali zimepakwa buluu, simetali njano, na nusumetali, zile zenye tabia za kati ya metali na simetali, kijani. Karatasi ni nzito, na plastiki iliyoifunika imestahimili unyevunyevu wa pwani bila pembe zake kukunjamana.

Rangi hizo zinafanya kazi yake vizuri. Mwanafunzi anaona papo hapo kwamba metali ndizo nyingi kupita kiasi, zikijaza upande wa kushoto na katikati, huku simetali zikibanana kwenye kona ya juu kulia. Haidrojeni, iliyokaa juu ya sodiamu na potasiamu ingawa si metali, imepewa njano inayostahili. Zebaki na bromini zimetiwa alama ya kimiminika kwa joto la nyuzi 25 za Selsiasi, wakati galiamu imehesabiwa kuwa yabisi. Kwa kipimo hicho ni sahihi, ila kwa kuwa huyeyuka karibu na nyuzi 29.8, mchana wa joto hapa kwetu ingetiririka mezani.

Tatizo liko kwenye mstari wa ngazi unaotenganisha metali na simetali, ukishuka kutoka boroni kuelekea astatini. Alumini imepakana na mstari huo, na waandaaji wameipaka kijani. Hilo ni kosa, kwa sababu alumini hung'aa, hufulika ikawa sufuria, na hupitisha umeme vizuri hata hutumika kwenye nyaya za umeme. Atakayeitetea rangi hiyo kwa kusema kwamba oksaidi ya alumini humenyuka na asidi na pia besi, akumbuke kwamba oksaidi ya zinki nayo hufanya hivyohivyo, na zinki bango limeiacha kwenye buluu. Nusumetali ambazo wanakemia wengi hukubaliana nazo ni sita: boroni, silikoni, jemaniamu, aseniki, antimoni na teluriamu. Poloniamu na astatini zina mabishano, lakini bango limezipaka kijani bila hata nyota ya kuonyesha kwamba mpaka huo umewekwa kwa makubaliano na kwamba hakuna kipimo kimoja kinachoumaliza ubishi.

Maelezo yaliyo chini ya jedwali ndiyo dhaifu zaidi. Yanasema kwamba metali hupitisha umeme, simetali hazipitishi, na nusumetali hupitisha kidogo. Mtoto wa Ruangwa, wilaya yenye grafaiti ardhini, akiunganisha kipande cha grafaiti na betri pamoja na balbu ndogo, ataiona balbu ikiwaka, na grafaiti ni kaboni, simetali halisi. Kuhusu silikoni, inayotengenezewa paneli za sola zilizo juu ya mapaa yetu, neno «kidogo» linaficha jambo lenye maana kubwa zaidi, kwamba upitishaji wake wa umeme huongezeka joto linapopanda, ilhali ule wa metali hupungua.

Picha za mifano nazo zimetolewa mbali bila sababu, wakati mkulima yeyote wa korosho ana mfano bora wa simetali ghalani: salfa, ule unga wa njano unaopuliziwa mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga. Haing'ai kama metali, haipitishi umeme, na bonge lake likigongwa hupasuka badala ya kufulika. Mwalimu akiiweka kando ya msumari na waya wa shaba, somo limepata vielelezo bila kuagiza chochote. Asiichome darasani tu, kwa kuwa moshi wake hudhuru mapafu.

Kwa darasa la kidato cha kwanza au cha pili napendekeza linunuliwe, mradi alumini ipakwe buluu kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kutundikwa. Toleo dogo la shilingi 3,000 silipendekezi, kwani namba zake za atomiki hazisomeki kutoka dawati la pili.