Jioni za hadithi za mizimu kwenye majumba yanayoogopwa: uzoefu wangu

Kama unapenda hadithi za mizimu, nenda. Nasema mapema ili mwenye haraka ajue msimamo wangu. Katika burudani zote nilizowahi kulipia, chache zimenipa raha kama kukaa gizani na watu nisiowajua, ndani ya jumba ambalo majirani hulipita mbio, tukisikiliza kilichowahi kusemwa kuhusu jumba hilohilo. Lakini makundi yanayoandaa jioni hizi yanatofautiana mno, na tofauti hizo ndizo zilizonisukuma kuandika.

Utaratibu ni mwepesi. Unajiunga na kundi mtandaoni, unaona tarehe na mahali, unathibitisha kuja na unatoa mchango wa kibali na mlinzi. Siku ikifika mnakutana langoni kabla jua halijazama. Mahali ni pale panaposemwa vibaya na wanaoishi karibu: nyumba iliyohamwa, kituo cha reli kisichotumika, wodi ya zamani, magofu. Mnaingia pamoja, mnaketi duara, mnasimulia kwa zamu. Basi.

Kinachofanya jioni hizi ziwe kitu cha pekee ni mahali penyewe. Hadithi ukiisikia sebuleni taa zikiwaka, inapita. Isikie ndani ya chumba kinachosimuliwa, na mlango anaoutaja msimulizi ni huo hapo nyuma ya bega lako. Hahitaji kukueleza giza lilivyokuwa, kwa sababu umekaa ndani yake. Hahitaji kuigiza upepo. Akinyamaza, jengo linaendelea kusema: bati linalia, popo wanapita, kuna kitu kidogo kinatambaa kwenye dari. Sijawahi kuona filamu inayoweza kunifanyia hivyo.

Msimulizi bora niliyemsikia ni mama mmoja wa makamo aliyesema amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi. Tulikuwa kwenye wodi iliyofungwa zamani, vitanda havipo, zimebaki alama za miguu ya vitanda hivyo sakafuni. Hakubadilisha sauti hata kidogo. Alituonyesha meza ya zamu ilipokuwa, akatueleza kitanda cha mwisho kilivyokuwa mbali na meza ile, na jinsi muuguzi wa usiku alivyozoea kuhesabu hatua zake akienda na kurudi. Kisha akasema kengele ililia kutoka kitanda kilichokuwa kitupu tangu mchana. Muuguzi akaenda. Akazima kengele. Akatandika shuka upya, akamwambia asiyeonekana, “Pumzika, nipo.” Akarudi mezani.

Hapo ndipo alipoishia. Hakuna mkono uliotoka chini ya kitanda, hakuna aliyekimbia. Mwili ulinisisimka kutoka shingoni hadi vidoleni, na kijana aliyekuwa pembeni yangu alianza kulia kimyakimya. Baadaye alisema alimkumbuka bibi yake aliyefariki hospitalini usiku akiwa peke yake. Tulikaa naye. Siku hiyo nilielewa kwa nini watu hurudi tena na tena kwenye duara hizi: hofu inawafungua, na wakishafunguka wanazungumza mambo ambayo mchana hayasemeki.

Wasimulizi dhaifu huanza na ngurumo na kumaliza kwa kupiga kelele. Kelele inakushtua, sawa, lakini mshtuko wa sikio huisha kabla hujasimama. Hadithi inayokufuata hadi kitandani ni ile iliyosimuliwa kwa utulivu, ikitaja mahali na saa, na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kudanganya. Jioni moja mwenzetu alituzungumzia Gede, ule mji wa kale kwenye pwani ya Kenya uliohamwa yapata karne ya 17 na kumezwa na msitu. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuuchimba mwaka 1948, aliandika kwamba alipoanza kazi pale alihisi kuna kitu kinachungulia kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki, kikingoja tu jambo ambacho tayari kilijua litatokea. Mtu wa kupima kuta na kuhesabu vigae, tena kwa maneno machache hivyo! Duara zima liligeuka kutazama ukuta.

Kundi ninalolipendekeza hutumia mishumaa, na wazo lenyewe ni la zamani. Nchini Japani, enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19), watu walikutana usiku kusimulia hadithi mia moja za mizimu huku taa mia zikiwaka. Kila hadithi ikiisha, taa moja inazimwa. Iliaminika kwamba ya mia ikizimwa, kitu cha kweli kitajitokeza, kwa hiyo wengi waliishia kwenye hadithi ya 99. Sisi huwasha mishumaa kwa idadi ya wasimulizi. Mwanzoni mnaonana nyuso zote. Kadiri usiku unavyokwenda mnabaki sauti tu, na mtu wa mwisho husimulia akiwa na mwanga mmoja tu mkononi. Mtu akitaka kuondoka kabla ya hapo, anasindikizwa hadi langoni na hakuna anayemcheka. Kanuni hiyo hutangazwa mwanzoni kabisa na inafuatwa.

Kundi jingine nililojaribu, ambalo sitalitaja, lilikuja na vifaa: vipimo vya sumaku, vipimajoto, redio inayokwaruza mfululizo ili mzimu “ujibu”. Kila taa nyekundu ilipowaka, watu waliruka. Hakuna hadithi hata moja iliyofika mwisho. Sina ugomvi na anayetaka kuwinda mizimu kwa mashine, lakini nilikwenda kusikiliza, na katikati ya kelele ile hakuna kilichosikika, kiwe cha walio hai au cha wengine. Kundi hilohilo lilisimulia kifo cha mtu aliyefariki miaka michache tu iliyopita, jina lake likatajwa, na ndugu zake wanaishi jirani na jengo lile. Hilo liliniuma. Hadithi ya mzimu ni hadithi ya aliyekufa, na aliyekufa ana wenyewe. Kama wenyewe bado wanaomboleza, hadithi hiyo si yetu kuichezea. Sijarudi kwao.

Nimeulizwa mara nyingi kama jioni hizi zinafaa kwa mtu asiyeamini mizimu. Zinamfaa sana. Katika kundi zuri hakuna anayeulizwa imani yake. Anayetaka kuomba dua kabla ya kuingia anaomba, na anayekuja na maelezo ya kisayansi anapewa zamu kama mwingine. Tena baadhi ya maelezo hayo ni hadithi tamu kupita kiasi. Ipo ile ya Vic Tandy, mhandisi wa Uingereza aliyefanya kazi kwenye maabara iliyosemekana ina mzimu. Usiku mmoja akiwa peke yake alitokwa na jasho jembamba, akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake, na alipogeuka likayeyuka. Kesho yake alibana upanga wake wa mchezo kwenye jiliwa ili aurekebishe, na ncha yake ikaanza kutetemeka yenyewe. Akafuatilia mtetemo ule hadi akafika kwenye feni mpya iliyokuwa ikitoa sauti nzito mno, takriban mizunguko 19 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia. Feni ilipobadilishwa, hali ile ikaondoka. Alichapisha habari hiyo mwaka 1998. Aliyetusimulia alianza na jasho na umbo la kijivu, akaiacha feni hadi mwisho, na nakuhakikishia kwamba kuijua sababu hakukupunguza chochote. Tulipotoka kila mtu alikuwa akitega sikio asikie kisichosikika.

Ya pili ni ya daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliyechapisha mwaka 1921 kisa cha familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani. Walisikia nyayo usiku, waliumwa vichwa, waliona watu wasiokuwepo, na mimea ya ndani ikanyauka. Chanzo kilikuwa tanuri bovu la kupasha nyumba joto lililovujisha hewa ya kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Naipenda hadithi hii kwa sababu nyingine pia: inaokoa maisha. Ukiona waandaaji wanawasha jiko la mkaa au jenereta ndani ya chumba kilichofungwa ili mpate joto au mwanga, toka nje na uwaambie wenzako watoke. Mishumaa michache kwenye chumba chenye madirisha wazi ni jambo tofauti, ingawa nayo isiwekwe karibu na mbao kavu au pazia bovu.

Majengo haya yana hatari zake za kawaida, na hizo ndizo zinazoumiza watu: sakafu iliyooza, kisima kisicho na mfuniko, ngazi isiyo na mkono, nyoka. Viongozi wetu hulikagua jengo mchana, wakafunga kamba vyumba visivyoingilika. Wanakuwa pia na kibali cha mwenye mali, kitu ambacho wengine hukipuuza hadi polisi wafike. Tochi huruhusiwa ila hufunikwa karatasi nyekundu, kwa sababu jicho huchukua kama nusu saa kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa simu hulirudisha nyuma papo hapo. Ukishazoea utaona vivuli vikijipanga kuwa nyuso, kwani ubongo hauvumilii kuona giza tupu. Muda huo ndio mzuri kuliko wote, usiuharibu kwa kupiga picha.

Kasoro zipo. Jioni huchelewa kumalizika, na anayetegemea usafiri wa umma hupata shida. Wakati mwingine watu huja wengi kuliko nafasi, duara likawa pana na wa nyuma wasisikie. Nimewaambia waandaaji kwamba watu kumi na tano watoshe, wamesema watalifikiria. Watoto sishauri waletwe, hata wale wanaodai hawaogopi, maana hofu ya mtoto haionekani usoni palepale, hujitokeza baada ya wiki akikataa kulala peke yake.

Kabla hujatoa mchango wako, muulize mwandaaji mambo matatu: nani ametoa ruhusa ya kuingia, nani amelikagua jengo, na hadithi za usiku huo ni za lini. Akikwepa swali lolote kati ya hayo, tafuta kundi jingine. Akijibu yote, nenda mapema ukalizunguke jengo kungali na mwanga, uyatazame madirisha na milango ilipo, na upange na mwenzako wa njia moja namna mtakavyorudi nyumbani.