Uzoefu wangu: tamasha la bure maktabani, na viti vya wenyewe

Nianze na viti, maana mengine ya siku ile nimeanza kuyasahau lakini viti bado ninaviona. Safu mbili za mbele zilivishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe wa bluu mgongoni kama vya ukumbi wa harusi, na juu ya kila kiti karatasi imebandikwa kwa selotepu: WAGENI WAALIKWA. Nyuma yake kulikuwa na viti vya plastiki, vichache, vilivyojaa watu mapema kabisa. Nyuma ya plastiki, sisi wengine: tumesimama, tumeegemea makabati ya magazeti, watoto wamekaa sakafuni. Tangazo lililozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa lilisema "Kiingilio bure, wote mnakaribishwa". Wote gani?

Maktaba yenyewe siitaji. Wenyewe watajijua. Ilikuwa Jumamosi moja, Saba Saba imepita kidogo, bado watu wanasherehekea Siku ya Kiswahili, nao wakaandaa alasiri ya ushairi, ngonjera za watoto wa shule, hadithi, na taarab kidogo ya kufungia. Mimi ni fundi cherehani, na kwa fundi kufunga duka Jumamosi ni kujitafutia ugomvi na wateja. Nilifunga kwa sababu binti yangu alikuwa mmoja wa waimba ngonjera, na kwa sababu niliambiwa atakuwepo mzee mmoja malenga ambaye marehemu baba alikuwa akisikia sauti yake redioni anatunyamazisha nyumba nzima. Mama mkwe naye akasema haachwi. Miaka yake imeshapita sabini na magoti hayamtaki tena.

Sasa sikilizeni. Bibi amesimama, viti vyeupe vitupu. Si viwili vitatu, safu nzima. Nikamshika mkono nikampeleka pembeni kabisa mwa safu ya pili, karibu na ukuta, mahali ambapo hata mgeni mwalikwa asingependa kukaa kwa sababu nguzo inaziba jukwaa. Hajakaa vizuri, kaja dada mmoja na orodha mkononi na beji shingoni.

"Mama, hapo pana wenyewe."

Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, bibi hawezi kusimama. Wenyewe wakija atanyanyuka."

"Jina lake lipo hapa?" Kalamu inapita kwenye karatasi, macho hayajamwangalia bibi hata mara moja.

"Halipo."

"Basi tusisumbuane. Hii shughuli ina itifaki."

Hakumwamkia. Hata shikamoo! Mtu mwenye umri wa bibi yake amekaa mbele yake, na yeye anazungumza na karatasi. Kiti ningeweza kukisamehe, viti ni vya watu na vina taratibu zake. Lakini kumnyanyua mtu mzima bila kumwamkia, tena ndani ya nyumba inayosherehekea Kiswahili? Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mama mkwe ndiye aliyenituliza, "Twende mwanangu, nitakaa kwenye ngazi." Akatandika kanga yake kwenye ngazi ya kupandia ghorofani, akakaa hapo, watu wanampita huku na huku.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amesimama kando yetu aliona yote. Akanung'unika kwamba UNESCO wana ilani yao ya maktaba za umma, ya tangu 1949, iliyopitiwa upya pamoja na shirikisho la maktaba la kimataifa mwaka 1994 na tena 2022, na kwamba inataka kila mtu ahudumiwe sawa bila kutazama umri, dini, lugha wala hadhi yake. Alisema kwa sauti ya kutosha dada wa orodha asikie. Dada wa orodha alikuwa anahesabu chupa za maji. Kila kiti cheupe kilikuwa na chupa yake.

Ratiba ilisema saa nane. Mgeni rasmi aliingia saa kumi inakaribia, na kabla hajaingia hakuna kilichoanza. Watoto walikuwa wamevaa lubega na vilemba vya shughuli tangu saa saba, jasho linawachuruzika, poda inageuka michirizi, mmoja akaanza kulia anataka maji. Maji yapo, tena mengi, lakini ya wageni. Hotuba yenyewe ilifunguliwa kwa "itifaki imezingatiwa", kisha itifaki ikazingatiwa upya, jina moja baada ya jingine, mpaka mtu wa mwisho mwenye cheo akawa ametajwa. Tukaambiwa tupende kusoma. Tukapiga makofi. Halafu mshereheshaji akatangaza kwamba mgeni rasmi ana majukumu mengine ya kitaifa, na msafara ukaondoka kabla mtoto hata mmoja hajafungua mdomo! Alioondoka nao walikuwa karibu nusu ya wale waliowekewa viti vya mbele. Nusu nyingine haikuwa imefika kabisa. Vile viti vikabaki hivyo hivyo, vyeupe, na karatasi zake, na chupa zake, na hakuna aliyetuambia tusogee.

Mimi nimekulia Dar. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, tulikuwa tukiingia na miguu ya vumbi na hakuna aliyetuuliza jina letu lipo wapi. Ukikuta kiti kitupu ni chako. Labda mambo yamebadilika kila mahali, sijui, lakini mimi nilifundishwa hivyo na sina mpango wa kufundishwa upya na mtu mwenye beji.

Haya. Sasa niseme na la haki, maana nikiishia hapo mtanielewa vibaya.

Ngonjera ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Watoto waligawanywa pande mbili, upande mmoja wa simu na upande mwingine wa kitabu, wanajibizana, na mwalimu wao aliwanoa vizuri: hakuna aliyeimba kama anasoma risiti ya duka. Binti yangu alikuwa upande wa simu na aliringa kweli kweli. Yule mtambaji wa hadithi naye alipoita "Hadithi, hadithi!" ukumbi mzima, pamoja na walinzi, ukaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hapo nilianza kulainika.

Kisha akapanda mzee. Mshereheshaji alimpa dakika tano, eti muda umetutupa mkono. Muda umeliwa na nani? Mzee hakubishana. Kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza, akakiweka mezani, akakohoa, akaanza kughani kwa sauti kavu, ile mahadhi ya zamani ambayo kila mshororo unapandishwa ukwapi, nusu yake ya kwanza, na kushushwa utao, nusu ya pili. Beti za mwanzo zilikuwa za kusifu lugha, za kawaida tu kwa siku kama ile. Halafu akanyamaza, akatazama safu za mbele, akatazama kule kwenye ngazi alikokuwa bibi. Beti lililofuata halikuwa kwenye karatasi yake, kwa sababu karatasi alikuwa ameshaikunja na kuitia mfukoni. Binti yangu aliliandika kwenye daftari palepale, nami nanakili alivyoandika:

Viti vimevaa nguo, wenyewe wao hawapo,
Nimekuja kwenye chuo, nastaajabu nilipo,
Mwafunga kwa ufunguo, na sisi hapa tulipo,
Mlango wake hekima, haufungwi kwa komeo.

Jamani! Watu walilipuka. Mizani nane kwa nane, vina vyake vimekaa, na kayatunga pale pale akiwa amesimama. Yule mwalimu mstaafu alikuwa anahesabu mizani kwa vidole huku anacheka mpaka machozi. Kibwagizo kikadakwa na ukumbi, mzee anatoa beti, sisi tunamalizia "haufungwi kwa komeo", mara ya pili, mara ya tatu, na watoto wakaanza kuhamia kwenye viti vyeupe wenyewe bila kuambiwa na mtu. Kama ningeandika maoni yangu dakika ile, ningewapa kumi juu ya kumi na nyongeza.

Lakini sikuandika dakika ile. Maana katikati ya beti, mzee ameshafika mshororo wa pili, mshereheshaji akachukua kile kipaza sauti kutoka mezani na kusema, "Ahsante sana mzee wetu, muda, muda!" Katikati ya beti! Mtu anakatwa ukwapi umeshatoka na utao uko kooni. Hotuba ya kuorodhesha vyeo haikukatwa, na tuliimeza yote hadi "ahsanteni kwa kunisikiliza". Mzee akatabasamu, akashuka, akaenda kukaa kwenye ngazi pembeni ya mama mkwe, na mpaka leo bibi anajisifia kwa majirani kwamba alikaa na malenga. Kwa hiyo hata ngazi zilikuwa na baraka zake, sijui niwashukuru au vipi.

Na yupo mtu mmoja pale maktabani ambaye sitaki achomwe na moto huu ninaouwasha. Kijana wa chumba cha watoto, aliposikia yaliyompata bibi, alitoa kiti chake mwenyewe cha ofisini, kile cha magurudumu, akakisukuma katikati ya watu, "Shikamoo bibi, samahani sana, kaa hapa." Bibi akakaa. Kiti kikateleza kidogo nyuma, bibi akashtuka, kijana akakishika, wakacheka wote wawili. Taarab bibi aliisikiliza akiwa juu ya magurudumu, anajizungusha polepole kila violini ikilia, na alimtunza mwimbaji noti ya elfu mbili ambayo mimi sikujua anayo.

Kwa hiyo mtaniuliza, matamasha ya maktaba hii twende au tusiende? Nilifungua simu kuandika msiende. Kisha nikamkumbuka mzee nikaandika nendeni. Sasa nikiandika kuhusu ile orodha hasira inanirudia na nataka kufuta. Tuseme hivi: wasanii nendeni mkawaone, hakuna mahali pengine mjini hapa utakapomsikia malenga wa namna ile bila kulipa senti. Waandaaji nawapa tatu juu ya kumi, na hizo tatu zote ni za kijana wa chumba cha watoto. Binti yangu kashajiandikisha kwa tamasha lijalo, la vikaragosi, kwa hiyo nitakwenda, nipende nisipende, na safari hii kigoda cha bibi tunakibeba kutoka nyumbani.

Halafu, kwa wenye watoto wadogo: vyoo vya chini vilikuwa vimefungwa kwa kufuli siku nzima. Ufunguo, nilipouliza, nikaambiwa anao yule dada wa orodha.